Mwachie Mama Aende

Neno lililohubiriwa kwenye redio yetu, kwa ajili ya watu wa Alunguli na wote wanaokula kutoka mto Lualaba

Mafungu ya kusoma nyumbani: Mwanzo 1:20-28, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Walawi 25:1-7 na 20-22, Yakobo 2:14-17, Yohana 21:1-14.

 

Tunawasalimu ninyi wote mnaotusikiliza asubuhi hii, ninyi wa Alunguli upande wetu wa mto, na ninyi wa Kasuku na Mikelenge kule ng'ambo. Tunawasalimu wamama walio njiani kwenda sokoni. Tunawasalimu kwa namna ya pekee ninyi wavuvi mnaotusikia mkiwa ndani ya piroge, redio ndogo imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki isipate kulowa. Neno la leo ni lenu. Lakini ni letu pia sisi tusiovua, kwa sababu sisi wote tunakula.

Tuanze kwa kuungama.

Siku si nyingi zilizopita, baada ya ibada ya siku ya Mungu, mama mmoja wa kutaniko letu alituletea beseni iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na samaki wadogo sana, wengine hawafiki urefu wa kidole. Alisema: "Wababa, hii ni shukrani yangu. Mungu ameniponyea mtoto." Tulimwombea, tukambariki, tukapeleka beseni nyumbani. Tukala samaki wale na ugali na sombe, na tukamshukuru Mungu.

Kesho yake mmoja wetu alikwenda kumwangalia yule mtoto. Alikuwa ametoka lopitali, malaria ilikuwa imemkaza. Alimkuta amelala juu ya mkeka, hakuna kitu kilichomfunika. Akauliza: "Mama, mustikere mliyopewa iko wapi?" Mama akanyamaza, akaangalia chini. Halafu akajibu kwa sauti ndogo: "Pasta, ile mustikere ndiyo iliyovua samaki mliokula jana."

Wapendwa, tulikosa neno. Tungemkemea kwa kinywa gani? Kinywa kilekile kilichokula? Mama huyu ana watoto watano. Mume wake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hajarudi. Hana shamba karibu. Ana mto, na alikuwa na mustikere. Aliunganisha vitu viwili hivyo, watoto wakala, na sisi wachungaji tukala pamoja nao. Basi neno hili hatulileti kama watu wasafi wanaohukumu wengine. Tunalileta kama watu waliokuwa mezani.

Tulirudi kwenye Biblia kwa machozi tukauliza: Bwana, unasema nini juu ya samaki na juu ya mwenye njaa? Tulipata mambo matatu.

JAMBO LA KWANZA: SAMAKI WALIBARIKIWA KABLA YETU

Soma Mwanzo sura ya kwanza polepole. Siku ya tano Mungu aliumba viumbe vya maji na ndege. Katika fungu la 22 akavibariki: vizae, viongezeke, vijaze maji. Mtu alikuwa bado hajaumbwa. Baraka ya mtu inakuja mbele, fungu la 28. Maana yake ni kwamba baraka ya kwanza kabisa katika Biblia nzima ilitamkwa juu ya samaki na ndege. Tumehubiri miaka mingi juu ya baraka, na hatukuwa tumeona jambo hilo.

Kwa hiyo samaki aliyejaa mayai anapopanda kutafuta mahali pa kutaga, anafanya kile Mungu alichomwambia afanye. Anatii neno. Na mtu anayefunga njia yake ile siku, anafunga njia ya baraka.

Hatusemi kwamba kuvua ni dhambi. Hapana! Baada ya gharika Mungu alimpa Nuhu samaki wa bahari kuwa chakula. Bwana Yesu alipotafuta mitume, aliwachukua wavuvi. Alipanda ndani ya mtumbwi wao, akawahubiria watu akiwa ameketi humo. Kazi ya mvuvi ni kazi ya heshima mbele za Mungu. Swali letu si kama tuvue. Swali ni kama mtoto wa mvuvi naye atapata kitu cha kuvua.

JAMBO LA PILI: CHUKUA, LAKINI MWACHIE MAMA AENDE

Twende Kumbukumbu la Torati 22, fungu la 6 na la 7. Hapo Musa anasema juu ya mtu anayetembea njiani na kukuta kiota cha ndege. Mama amelala juu ya mayai au juu ya makinda. Mtu ana njaa. Neno linamwambia nini? Halimwambii apite bila kugusa. Halimwambii abebe vyote. Linamwambia kwamba anaweza kuchukua makinda, lakini mama amwachie aende.

Halafu angalieni ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo: upate heri na siku zako ziwe nyingi. Mnakumbuka ahadi hiyo imeandikwa wapi pengine? Ni katika amri ya kuheshimu baba na mama, Kumbukumbu la Torati 5:16! Mungu alichukua ahadi ya mtoto anayemheshimu mama yake, akaiweka pia juu ya mtu anayemwachia ndege mama. Kwa Mungu, jambo la kiota si jambo dogo.

Tunajua kuna ndugu atakayesema: "Wachungaji, neno limesema chukueni watoto. Basi mustikere yetu inatii, inachukua watoto!" Tunacheka naye, lakini tumjibu. Ndege mama akiachwa, atajenga kiota kingine na kutaga tena. Amri inaacha kile kinacholeta kesho. Sasa mustikere inaacha nini? Matundu yake yametengenezwa ili mbu asipite. Kama mbu hapiti, kitoto cha samaki kitapita wapi? Inabeba mama, inabeba watoto, inabeba mayai, inabeba hata chakula cha samaki. Haibakizi mbegu.

Tueleze vizuri jinsi Lualaba yetu inavyofanya kazi, kwa sababu wengine tumezaliwa mjini. Mvua ikinyesha na maji yakapanda, mto unatoka ndani ya kitanda chake, unaingia msituni na kwenye vinamasi. Aina nyingi za samaki zinafuata maji hayo. Zinaingia kwa midomo ya vijito, zinataga kule ndani ambako maji yametulia na chakula kipo. Vitoto vinakulia chini ya majani na mizizi. Maji yakishuka, vinarudi kwenye mto mkubwa, na huko vinakuwa wale samaki ambao mvuvi anawabeba kwa mikono miwili. Basi mdomo wa kijito ni kama mlango wa nyumba ya uzazi. Mtu akiuziba kwa wavu wa matundu madogo kutoka ukingo mpaka ukingo, amefunga mlango huo na akina mama wako ndani.

Tena samaki ambaye hajataga hata mara moja, ukimvua hajaacha kitu nyuma yake. Na mama mkubwa anabeba mayai mengi kuliko mdogo, mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Mbenga mmoja mkubwa au kambale mmoja mnene akiachwa wakati wa kutaga, anajaza mto kwa namna ambayo beseni ya vitoto haiwezi.

Kuna na jambo la dawa. Mustikere imelowekwa dawa inayoua mbu. Dawa ya namna ile ni mbaya sana kwa samaki na kwa wadudu wa majini wanaoliwa na samaki. Na wale wanaomwaga sumu kwenye kijito, tuwaambie kwa upendo: kijito kile kinaingia Lualaba, na Lualaba inashuka Ubundu, inafika Kisangani, na huko inaitwa mto Kongo. Jirani yako wa Biblia ni pia yule anayekunywa maji chini yako.

Halafu tumfikirie yule mtoto juu ya mkeka. Kongo yetu ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Mustikere ikitoka kitandani na kwenda mtoni, mbu anapata mtoto, na mto unapoteza watoto wake. Siku ile tulikula hasara mbili katika sahani moja.

Babu zetu hawakusoma kwenye chuo kikuu, lakini walijua kuacha. Angalieni ndugu zetu Wagenya kule Kisangani. Wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maporomoko, wanashusha vikapu vikubwa ndani ya maji makali. Kikapu kinashika samaki mkubwa, na mdogo anapita katikati ya fito anakwenda zake. Watu wamekuja kutoka nchi za mbali kuangalia kazi hiyo.

Hapa tuseme neno gumu kwa ajili yetu wenyewe, sisi tuliookoka. Wazee wanasema kwamba zamani kulikuwa na sehemu za mto ambazo watu hawakuvua, au hawakuvua mpaka mkubwa aruhusu. Waliogopa mizimu. Injili ilikuja, tukaacha mizimu, na tulifanya vema. Haleluya! Hatutarudi huko. Lakini tulipotupa hofu ya mizimu, hatukuweka hofu ya Mungu mahali pake. Tukasema: "Tuko huru, tuvue popote." Nyumba ilifagiwa ikabaki tupu. Aliyekuwa anaogopa mzimu alimwachia samaki nafasi ya kutaga. Sisi tunaomjua Muumba wa samaki, je, tumuache samaki bila nafasi?

JAMBO LA TATU: MWENYE NJAA HAPUMZISHWI KWA MANENO

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata watu wenye nia njema.

Ni rahisi kumwambia yule mama: "Acha mustikere, acha kuvua wakati wa kutaga, Mungu akubariki, nenda kwa amani." Lakini Yakobo sura ya 2 anauliza: ndugu akiwa uchi na bila chakula cha siku, nawe ukamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu, imefaa nini? Anasema imani ya namna hiyo imekufa. Basi kulinda mto kwa maneno matupu ni imani iliyokufa pia.

Angalieni Walawi 25. Mungu aliwaambia Israeli kwamba ardhi nayo ipate Sabato: miaka sita kulima, mwaka wa saba ipumzike. Lakini Mungu wetu anajua tumbo. Katika fungu la 20 alitaja swali lao kabla hawajaliuliza: tutakula nini mwaka wa saba? Na fungu la 21 likajibu: atatuma baraka katika mwaka wa sita, chakula kitoshe. Tena kile kilichoota chenyewe wakati wa mapumziko, fungu la 6 linasema ni chakula cha mtumwa, cha mfanyakazi na cha mgeni.

Mnaona mpango wa Mungu? Ghala linajazwa kwanza, halafu mapumziko yanakuja. Wanadamu wanafunga kwanza, halafu wanaanza kutafuta chakula.

Tutoe mifano ya mahali pengine, tujifunze.

Ndugu zetu wa ziwa Tanganyika wanajua jambo hili. Nchi nne zinazozunguka ziwa, yaani Kongo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kwamba uvuvi upumzishwe miezi mitatu kila mwaka, kutoka tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazae na kukua. Mwaka 2024 kwa mfano, Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo. Shabaha ni nzuri, na ziwa lilikuwa limechoka. Lakini jiwekeni mahali pa mama anayekaanga na kuuza ndagala katika soko la Kalemie. Miezi mitatu ni zaidi ya siku 90. Mtoto hawezi kungoja siku 90. Kama hakuna kilichowekwa akiba, mume wake atatoka usiku kuvua kwa kujificha, na mapumziko yatakuwa ya kwenye karatasi.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka bahari ya Hindi. Kule Kenya, upande wa Kilifi, kuna watu wa pwani wa mahali panapoitwa Kuruwitu. Wazee wao waliona samaki wanapungua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005 walianza mpango wa kutenga sehemu ndogo ya bahari yao, kama hekta 30, isivuliwe kabisa. Waliitenga wao wenyewe, wavuvi na wazee wa pale. Wengine walipinga, kwa sababu ni vigumu kuambiwa usitupe wavu mahali baba yako alipotupa. Lakini waliacha sehemu moja tu, wakaendelea kuvua sehemu zinazobaki. Samaki wakarudi, wakakua, na wengine wakatoka nje ya sehemu ile wakaingia kwenye nyavu za watu. Mwaka 2017 kazi yao ilipata tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakufunga bahari yote. Walifunga chumba kimoja, na nyumba ikaendelea kupika.

Na mfano wa tatu uko ndani ya sufuria zetu. Katika miji ya Kongo tunakula tomsoni, yule samaki wa barafu. Mnajua anatoka wapi? Wengi wanavuliwa katika bahari ya Namibia. Sisi watu wa mto mkubwa, wenye aina zaidi ya 700 za samaki katika mito ya Kongo, tunanunua samaki kwa watu ambao nchi yao ni jangwa! Serikali yao inaweka kila mwaka kiasi cha tani ambacho meli hazina ruhusa kupita. Walijifunza kwa maumivu. Dagaa wao wakubwa walivuliwa bila kiasi mpaka wakaisha karibu wote, na mwaka 2018 iliwabidi wafunge uvuvi wa dagaa hao kabisa kwa miaka mitatu. Watu wa viwanda walipoteza kazi. Wapendwa, tusingoje kufika pale.

Nchi yetu nayo ina sheria. Iko sheria ya uwindaji na uvuvi ya tangu wakati wa Wabeleji, mwaka 1937, na iko sheria ya kulinda viumbe ya tarehe 11 Februari 2014. Tunaiheshimu, kwa sababu Warumi 13 inatufundisha. Lakini tuseme ukweli: sheria ikimkamata mama mwenye mustikere, ikamwacha tajiri anayeuza nyavu za matundu madogo, na ikatuacha sisi tunaonunua vitoto vya samaki sokoni kwa sababu bei ni ndogo, hiyo haijawa haki. Nabii Amosi angekuja kutusemesha.

SASA TUFANYE NINI?

Tulikaa pamoja, wachungaji, wazee wa kanisa, wamama na wavuvi wa kutaniko. Hatukupatana mara moja. Mvuvi mmoja mzee alituambia: "Ninyi mnalipwa kwa sadaka. Mimi nikikaa siku mbili, hakuna moto nyumbani." Alisema kweli. Mwingine, kijana, alisema: "Nikiacha mimi, wa ng'ambo atavua." Naye alisema kweli. Tuliomba, tukazungumza tena, na tukafika mahali hapa.

Kwanza, mustikere ilale kitandani. Wamama wa maombi watapita nyumba kwa nyumba, bila kelele na bila kuaibisha mtu. Watakapokuta iliyokwenda mtoni, watauliza swali moja tu: mnakula nini? Halafu wataleta jibu kanisani, si mashitaka.

Pili, sisi wachungaji hatutamfukuza mtu anayeleta samaki wadogo kama shukrani. Mjane hafukuzwi na beseni yake. Lakini tukipokea beseni, tutakwenda nyumbani kwake siku ileile kuona mahali lilipotoka. Na hatutanunua vitoto vya samaki sokoni. Tunaomba kila mwanachama afanye hivyo pia. Kama hakuna mnunuzi, wavu wenyewe utakosa kazi.

Tatu, ghala kwanza. Kila siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi, kila nyumba ilete kikombe kimoja cha mchele. Hapa Maniema mchele tunao, Mungu asifiwe. Asiye na mchele alete mihogo. Chakula hicho hakitaliwa na wachungaji. Kitawekwa kwa ajili ya nyumba za wavuvi wakati wa kupumzisha. Wazee wawili na wamama wawili watashika funguo, na hesabu itasomwa mbele ya kanisa lote.

Nne, ghala likijaa, tutaomba kuacha mdomo wa kijito kimoja tu wakati maji yanapopanda. Kimoja! Mto mkubwa utabaki wazi kwa ndoano na kwa nyavu za matundu makubwa. Kijito hicho wavuvi wenyewe watakichagua, kwa sababu wao wanajua samaki wanaingia wapi. Na hatuwezi kufanya hivyo peke yetu. Tutakwenda kwa wakubwa wa komini, kwa ndugu zetu Wakatoliki, na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao hapa Maniema ni majirani wetu wa tangu zamani. Samaki hajui dhehebu. Tukiacha sisi na jirani akavua, tumepoteza wote.

Tano, vijana wenye nguvu wajifunze kuchimba mabwawa ya tilapia kwenye mabonde yenye maji. Bwawa halitachukua mahali pa Lualaba. Lakini katika miezi ya kupumzisha, bwawa linaweza kuweka samaki mezani.

Mtatuuliza habari za yule mama. Tulimpa mustikere nyingine kwa ajili ya watoto, na kanisa likamnunulia ndoano na uzi. Juma la kwanza alipata kambale wawili, akauza mmoja, wakala mmoja. Juma la pili hakupata kitu kwa siku tatu. Siku ya nne alikuja kwetu, akasema: "Pasta, nilitaka kurudia ile mustikere." Tulimshukuru kwa kusema. Tulimpa mchele wa nyumba zetu, kwa sababu ghala lilikuwa bado halijaanza. Ndiyo maana tunawaambia leo kwamba kikombe chenu cha mchele si jambo dogo. Kati ya mama huyu na mto, kuna kikombe chenu.

MEZA ILIYOKUWA TAYARI

Tumalize kwa Yohana 21. Petro na wenzake walivua usiku mzima, hawakupata kitu. Wavuvi wetu mnaujua usiku wa namna ile. Asubuhi Yesu alisimama ufukoni. Aliuliza kwanza kama wana kitu cha kula. Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, aliuliza habari ya chakula! Halafu aliwaambia watupe wavu upande wa kuume. Wakavuta samaki 153. Yohana anasema walikuwa wakubwa, na wavu haukupasuka. Na mtu alihesabu, ndiyo maana tunaijua hesabu mpaka leo.

Lakini tazameni fungu la 9. Waliposhuka pwani, walikuta moto umewashwa, samaki yuko juu yake, na mkate. Wavu wao ulikuwa bado majini. Samaki aliyekuwa motoni hakutoka ndani ya wavu wao. Yesu aliandaa meza kabla ya kuwaambia walete cha kwao.

Kanisa ni mwili wa Yesu. Kama tunataka kumwambia mvuvi wa Alunguli amwachie mama aende, basi akishuka ufukoni akute moto wetu umewashwa na chungu kiko juu yake. Hapo atatusikia. Na miaka ikija, mtoto wake, na yule mtoto aliyelala juu ya mkeka, watashuka Lualaba na kukuta baraka ya siku ya tano ingali inafanya kazi.

Tuombe.

Baba yetu, Muumba wa maji na wa vyote vilivyomo, tusamehe kwa sahani tulizokula bila kuuliza. Wabariki wavuvi wetu usiku wanapokuwa katika mkondo, uwalinde na mawimbi na miamba. Wabariki samaki kama ulivyowabariki mwanzo. Uwape mikono myepesi wenye mchele, na moyo wa kungoja wenye nyavu. Mrudishe baba aliye machimboni, na usiwaache watoto wake walale na njaa. Tufundishe kuchukua kwa shukrani na kuacha kwa imani. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo.

Amen.

Ukiisha kusoma karatasi hii, mpe jirani. Kama jirani ni mvuvi, msomee akiwa anashona wavu wake, na umwachie naye aseme lake.